Mlango wa Mwanagenzi: Historia ya Mihadhara ya Wanaoanza katika Vikundi vya Watumiaji wa Kompyuta na Lugha za Programu, 1975–2014

Utangulizi

Katika historia ya kompyuta, kikundi cha watumiaji ni taasisi iliyoandikwa kidogo kuliko inavyostahili. Wanahistoria wamevutiwa zaidi na mashine, kampuni na wavumbuzi. Mikutano ya jioni, ambamo watu wasiolipwa hukaa kwenye viti vya kuazima na kumsikiliza mwenzao akieleza jambo alilojifunza juzi, imebaki pembezoni mwa simulizi. Hata hivyo, ndani ya mikutano hiyo limo swali ambalo kila kizazi cha waandaaji kimelikuta upya: mhadhara upangwe vipi ili mtu aliyekuja kwa mara ya kwanza, asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu, aelewe kinachosemwa na arudi mwezi unaofuata?

Jibu lililozoeleka ni kupunguza ugumu: istilahi zifafanuliwe, mifano iwe myepesi, mzungumzaji aende polepole. Insha hii inahoji kwamba jibu hilo, ingawa si baya, linatafuta tatizo mahali lisipokaa. Ukifuatilia mkondo unaoanzia katika gereji moja ya Menlo Park mwaka 1975 hadi warsha za Boston mwaka 2011 na Berlin mwaka 2014, utaona kwamba mhadhara wa wanagenzi ulizaa matunda pale kikundi kilipochukua dhamana ya mambo mawili yaliyo nje ya mhadhara wenyewe, yaani kile kinachoutangulia na kile kinachoufuata. Vikundi vilichelewa kuliona hilo kwa sababu inayohitaji kuelezwa kihistoria. Waasisi wake walidhani kwamba mwanzo wao wao ndio mwanzo wa kila mtu.

Wakati wote walipokuwa wanagenzi

Vikundi vya watumiaji vilikuwapo kabla ya kompyuta binafsi. SHARE, kilichoundwa mwaka 1955 na watumiaji wa mashine za IBM katika eneo la Los Angeles, kiliwakutanisha waandishi wa programu ili wabadilishane kazi zao badala ya kila mmoja kuanza upya. DECUS kilifuata mwaka 1961 kwa watumiaji wa mashine za Digital Equipment Corporation. Lakini aliyeingia SHARE aliingia kwa jina la shirika lililomiliki au kukodi kompyuta. Mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kufika hapo, na kwa hiyo swali la mgeni asiyejua lolote halikuwa na mahali pa kuulizwa.

Hali ilibadilika Januari 1975, pale jarida la Popular Electronics lilipotoa picha ya Altair 8800 kwenye jalada lake. Mashine hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque, iliuzwa kama vipande vya kuunganisha mwenyewe kwa dola 397. Haikuwa na kibodi wala kioo. Kumbukumbu yake ya awali ilikuwa baiti 256, na programu iliingizwa kwa kupandisha na kushusha swichi zilizopangwa upande wa mbele, tarakimu baada ya tarakimu, huku majibu yakisomwa kwenye taa ndogo nyekundu. Aliyeinunua alipata kitu asichoweza kukitumia peke yake. Upweke huo mbele ya mashine ndio uliozaa Homebrew Computer Club.

Mkutano wa kwanza ulifanyika tarehe 5 Machi 1975 katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, kwa mwito wake na wa Fred Moore. Walihudhuria watu 32. Miongoni mwao alikuwamo Steve Wozniak, na maelezo aliyoyatoa baadaye katika kumbukumbu zake yana thamani ya pekee kwa mada hii, kwa kuwa ni ushahidi wa mwanagenzi aliyepotea ndani ya mkutano ambao baadaye ungehesabiwa kuwa wake. Alikuja akiamini kwamba mazungumzo yangehusu vituo vya kompyuta vyenye vioo vya televisheni. Alikuta watu wakizungumzia Altair na vichakataji vidogo, mambo ambayo hakuwa ameyafuatilia, akajiona hapafai. Kilichomwokoa ni karatasi iliyogawiwa, yenye maelezo ya kiufundi ya kichakataji kimoja, ambayo aliisoma nyumbani usiku huohuo na kutambua kwamba kilichoelezwa humo kilifanana na saketi alizokuwa akizichora tangu ujana wake. Mazungumzo yalimpita, lakini karatasi aliyokwenda nayo nyumbani ikamfikia.

Tukio hili husimuliwa sana kama hadithi ya kuzaliwa kwa Apple. Kwa mwanahistoria wa vikundi vya watumiaji lina maana nyingine, isiyo na mbwembwe: kuelewa kulitokea baada ya mkutano, mbali na mzungumzaji, na kuliwezekana kwa sababu mgeni alitoka na kitu mkononi.

Homebrew kilipokua na kuhamia katika ukumbi wa kituo cha utafiti wa fizikia cha Stanford, kilihitaji utaratibu. Lee Felsenstein, aliyeongoza mikutano, aliigawa katika sehemu zenye tabia tofauti. Katika sehemu moja kila aliyetaka alisimama na kutaja kwa ufupi anachokijua, anachokitafuta au alichosikia. Katika nyingine watu walitawanyika ukumbini kuwatafuta wale waliojitaja. Umuhimu wa mpango huu haupaswi kupuuzwa. Ulimwezesha mtu kusema hadharani kwamba hajui, na kabla ya usiku kwisha akawa ameketi na anayejua. Mhadhara rasmi haukuwa ndio moyo wa mkutano.

Aidha, yalikuwapo maonyesho yaliyoeleweka bila maelezo. Aprili 1975 Steve Dompier aliweka redio ndogo kando ya Altair yake na kuifanya mashine icheze wimbo wa Beatles kwa kutumia mawimbi ya sumaku-umeme yaliyovuja kutoka katika saketi. Hakuna aliyehitaji kufundishwa ili ashangae.

Ni rahisi, kwa kuyatazama hayo, kukiona Homebrew kama kielelezo cha ukarimu kwa wanagenzi, na waandishi kadhaa wamefanya hivyo. Tathmini hiyo inahitaji kupunguzwa. Kweli, mbele ya Altair wote walikuwa wapya. Lakini wengi wao walishika chuma cha kulehemu tangu utotoni, walisoma michoro ya saketi kama wengine wasomavyo gazeti, na karibu wote walikuwa wanaume. Usawa wao ulikuwa wa watu waliokwisha kuvuka kizingiti kimoja na kusimama pamoja mbele ya kingine. Waliojali zaidi watu walio nje ya kizingiti cha kwanza ni jirani zao wa People's Computer Company, kundi lililojengwa na Bob Albrecht, ambalo lilifundisha watoto na watu wa mtaani na kuchapisha mwaka 1975 maelezo ya Dennis Allison ya lugha ndogo ya Tiny BASIC, iliyokusudiwa kutosha katika kumbukumbu finyu na kumfaa anayeanza.

Mwaka 1977 kompyuta zilizokamilika, kama Apple II na TRS-80, ziliingia madukani. Tangu hapo anayeanza na anayeunda hawakuwa tena mtu yuleyule. Homebrew kiliendelea hadi Desemba 1986, lakini kizazi kilichoanza pamoja kilikuwa kimekwisha kutawanyika.

Wenyeji waliosahau njia

Lugha ya Python, iliyotolewa kwa umma na Guido van Rossum mwezi Februari 1991, inafaa kuchunguzwa katika hatua inayofuata kwa sababu ilijinasibu mapema na wanaoanza. Warsha yake ya kwanza, iliyofanyika Novemba 1994 huko Gaithersburg, Maryland, ilikuwa ya watu wapatao 20 waliofahamiana kwa kazi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1999, van Rossum aliwasilisha kwa DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, pendekezo lililotaka uandishi wa programu uwe stadi ya kila mtu, kama ilivyotokea kwa kusoma na kuandika. Mradi huo haukupata fedha za kutosha kwa muda mrefu, ingawa uliacha nyuma zana ya kuandikia programu iitwayo IDLE, ambayo hadi leo husakinishwa pamoja na lugha yenyewe.

Inashangaza basi kwamba vikundi vya watumiaji wa lugha hii, vilivyoenea katika miji mingi ya Marekani na Ulaya katika muongo uliofuata, vilijenga utamaduni usiomjali mwanagenzi. Mkutano wa kawaida ulikuwa usiku mmoja kwa mwezi, mihadhara miwili au mitatu, maswali, kisha mazungumzo ya wanaofahamiana. Mihadhara ilipatikana kwa kuomba: nani ana jambo la kueleza? Aliyejitokeza alieleza kilichokuwa kikimsumbua kazini, nacho kwa kawaida ni jambo la mtu aliyekwisha kufika mbali. Hakuna aliyekusudia kumfungia mgeni mlango. Utaratibu wa kupata wazungumzaji ulitosha kuufunga.

Waandaaji walipotambua kasoro hiyo, wengi waliongeza mhadhara mmoja wa utangulizi. Ulielezwa vizuri, ukapigiwa makofi, na mwezi uliofuata mzungumzaji mwingine alirudi palepale pa zamani. Mwanagenzi aliyefurahia utangulizi alirudi akakuta lugha nyingine. Mhadhara mmoja mwepesi katikati ya mfululizo mgumu haukumsaidia, huenda ulimdanganya.

Mtu aliyelichunguza tatizo hili kwa uvumilivu mkubwa alikuwa nje ya vikundi hivyo. Greg Wilson, aliyeanzisha Software Carpentry pamoja na Brent Gorda mwaka 1998 katika maabara ya Los Alamos, alikuwa akiwafundisha wanasayansi misingi ya kuandika programu. Wilson aliandika waziwazi kuhusu yaliyoshindikana, jambo ambalo ni nadra katika uwanja huu. Kozi za wiki nzima zilikuwa ndefu mno na zikafupishwa kuwa warsha za siku mbili. Slaidi ziliachwa, mwalimu akaanza kuandika programu mbele ya hadhira, herufi kwa herufi. Njia hiyo ilikuwa na faida mbili ambazo mpangaji yeyote wa mhadhara angefanya vyema kuzitafakari: mwalimu hawezi kwenda haraka kuliko vidole vyake, na anapokosea, hadhira huona mtaalamu akisoma ujumbe wa kosa na kulirekebisha bila aibu.

Warsha hizo zilitumia pia karatasi ndogo za kubandika za rangi mbili. Mshiriki aliyemaliza zoezi alibandika ya rangi moja kwenye kompyuta yake mpakato. Aliyekwama alibandika ya rangi nyingine. Mkono ulioinuliwa hutangaza ujinga wa mtu mbele ya watu wote na humlazimisha kuacha kuandika. Karatasi humwita msaidizi kimyakimya.

Boston, 2011

Kielelezo kilichobadilisha mipango ya vikundi vya Python kilitoka kwanza kwa watumiaji wa lugha nyingine. Mwaka 2009 huko San Francisco, Sarah Allen na Sarah Mei walianzisha RailsBridge, warsha za bure za mwisho wa juma zilizowalenga wanawake waliotaka kujifunza Ruby on Rails. Ijumaa jioni ilikuwa ya kusakinisha programu tu. Mafunzo yalianza Jumamosi. Kufikia mwaka 2010 waanzilishi waliweza kueleza hadharani kwamba wanawake, waliokuwa asilimia chache mno katika mikutano ya watumiaji wa Ruby wa mji huo, walikuwa wamefikia asilimia 18.

Jessica McKellar na Asheesh Laroia waliuchukua mpango huo na kuupeleka Boston mwaka 2011. Warsha yao ilikuwa ya wanawake na rafiki zao: mwanamume aliruhusiwa kuja akiwa mgeni wa mwanamke. Kanuni hiyo ilizua mjadala, na hoja za pande zote zinafahamika. Lililo muhimu hapa ni namna ilivyogeuza mpangilio wa chumba, maana kwa mara moja wengi wa waliohudhuria hawakuwa watu waliozoea kuwa wengi.

Ijumaa jioni washiriki walileta kompyuta zao. Walisakinisha Python na kihariri maandishi, wakajizoeza kufungua dirisha la amri, na kupitia hatua moja baada ya nyingine wakiwa na wasaidizi. Jioni nzima ilitumika kwa kazi ambayo mzungumzaji wa kawaida huimaliza kwa sentensi moja, kwamba hadhira iwe imekwisha kusakinisha kila kitu. Sentensi hiyo moja imewapoteza wanagenzi wengi kuliko istilahi zote za mihadhara. Kompyuta iliyokataa kutii kabla ya somo kuanza humwambia mwenyewe kwamba hafai, na hakuna ufasaha wa mzungumzaji utakaoufuta ujumbe huo baadaye.

Jumamosi ilianza kwa mhadhara wa kushirikiana, ambamo washiriki waliandika kila mfano wenyewe, ukafuatiwa na mazoezi mafupi. Mchana waligawanyika katika miradi midogo waliyoichagua. Mmoja ulitumia orodha ya maneno kutatua mafumbo, mwingine ulichora miondoko ya rangi kwenye ukuta wa kioo cha kompyuta, na mwingine uliwasiliana na Twitter. Miradi haikuwa mapambo. Mtu aliondoka jioni akiwa na programu inayofanya jambo, kama vile Wozniak alivyoondoka na karatasi yake.

Hata hivyo, kiini cha mpango wa Boston hakikuwa warsha. Waandaaji waliufunga mradi wao na kikundi kilichokuwapo, Boston Python, na wakaweka lengo ambalo lingeweza kushindwa mbele ya watu: wanawake wawe sehemu ya mikutano ya kawaida ya kikundi hicho. Kwa hiyo warsha ilifuatiwa na jioni za miradi, ambazo hazina jukwaa wala mzungumzaji. Watu huketi mezani na kompyuta zao, mwenye swali akamkuta mwenye jibu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Warsha ndiyo zilikuwa siku mbili hizo, nazo jioni za miradi zikawa jembe. Felsenstein angeutambua utaratibu huo mara moja.

Katika mkutano wa PyCon wa mwaka 2012, McKellar na Laroia walieleza jinsi kikundi kilivyofikia watu 1,700, zaidi ya asilimia 15 wakiwa wanawake. Takwimu hizo zichukuliwe kwa tahadhari inayostahili. Zilikusanywa na waandaaji wenyewe, zinahesabu uanachama na mahudhurio, wala hazipimi nani alijifunza nini. Lakini zinapima kitu ambacho vikundi vingine havikuwa vimefikiria kukihesabu, yaani kurudi. Kwa kigezo hicho mhadhara unaosifiwa na wasiorudi ni mhadhara ulioshindwa.

Mabadiliko mengine ya miaka hiyohiyo yaligusa adabu ya ukumbini. Hacker School ya New York, iliyoanza mwaka 2011 na baadaye kuitwa Recurse Center, iliweka miongoni mwa kanuni zake kwamba mtu asijifanye kushangaa anapokutana na asiyejua jambo, wala asimrekebishe mwenzake kwa tofauti ndogo isiyoathiri mazungumzo. Anayeufahamu muda wa maswali baada ya mhadhara anajua kanuni hizo zililenga nini. Swali la mtaalamu linaloulizwa ili kuonyesha utaalamu laweza kubomoa kwa dakika mbili kilichojengwa kwa arobaini.

Barua na sanduku

Novemba 1994 hadi Julai 2014 ni miaka ishirini kasoro miezi michache tangu warsha ile ya Gaithersburg. Katika mkutano wa EuroPython uliofanyika Berlin mwezi huo wa Julai 2014, Ola Sitarska na Ola Sendecka waliendesha warsha ya kwanza ya Django Girls. Walirithi jioni ya usakinishaji, wakaongeza uwiano wa msaidizi mmoja kwa washiriki wapatao watatu, na wakafanya jambo lililoufanya mpango wao usafiri kuliko yote yaliyotangulia: waliandika kila kitu. Mafunzo yenyewe, pamoja na mwongozo wa waandaaji, viliachwa wazi ili mtu wa mji wowote avitumie bila kuomba ruhusa. Vikafika mabara mengi, Nairobi ikiwa miongoni mwa miji hiyo.

Sura ya mafunzo hayo inayoeleza namna intaneti inavyofanya kazi inakiri kwamba imechota kutoka katika mhadhara wa McKellar, na hivyo mkondo wa Boston unaonekana humo bila kuhitaji kukisiwa. Sura hiyo inatumia mfano wa barua: ombi la kivinjari lina anwani na hupitishwa kutoka kituo hadi kituo, kama barua inavyopita posta hadi kumfikia aliyeandikiwa.

Mfano ni mzuri, lakini umebeba nchi yake. Unamdhania msomaji mwenye nyumba yenye namba, na tarishi anayefika mlangoni. Afrika Mashariki barua kwa desturi haiendi nyumbani. Huenda kwenye sanduku la posta. Suala hili si geni kwa wanaoshughulikia Kiswahili cha kompyuta. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba kuhamisha neno peke yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutafuta uzoefu ambao msomaji tayari anao. Na katika suala la barua uzoefu wa hapa una faida. Mwanafunzi yeyote aliyesoma shule ya bweni anakumbuka kwamba mamia ya wenzake walitumia sanduku moja la shule, kwamba barua ilifika kwa anwani hiyo moja, na kwamba ilikuwa kazi ya ofisi kusoma jina lililoandikwa juu ya bahasha na kujua ni ya nani. Hivyo ndivyo kompyuta na simu zote za nyumba moja zinavyotumia anwani moja ya intaneti, huku kifaa kilichowekwa sebuleni kikigawa kila kinachoingia. Mfano wa tarishi wa mlangoni hauwezi kulieleza jambo hilo. Mzungumzaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kulieleza kabla chai haijapoa, mradi tu kompyuta za wasikilizaji ziwe zilisakinishwa jana yake.